Bima ya Muhuri

Mume wangu huziita baht za Thailand "bahati". Ada ya kuongeza muda wa kuishi ni baht 1,900, basi kila Januari tukitoka uhamiaji hapa Chiang Mai husema, "Haya mama watoto, bahati elfu moja mia tisa zishaliwa, tutafute supu." Nilikuwa nikicheka. Januari 2023 sikucheka, maana mkobani nilikuwa na karatasi mbili zilizotugharimu zaidi ya mara hamsini ya ada hiyo, na moja kati yake nilijua haina kazi yoyote duniani isipokuwa kuonyeshwa dirishani.

Karatasi hizo ni vyeti vya bima ya afya. Ndugu wakisikia tumestaafia Thailand huuliza habari za joto, za chakula na za nyoka. Wenzangu niliofanya nao kazi Uingereza, wanaohesabu miaka yao ya pensheni, huuliza habari za viza. Bima huulizwa mwisho kabisa, simu ikikaribia kukatwa: "Na bima je, mnayo?" Tunayo, nasema. Ndiyo maana naandika, kwa sababu jibu hilo ni kweli na si kweli.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nimeuguza watu Leicester miaka 26, mume wangu akiendesha basi mji huohuo. Tulipostaafu tuliuza nyumba, na badala ya kurudi moja kwa moja Tanga tukaja huku, kwa sababu binti yetu anafundisha shule hapa na alikuwa na mtoto mchanga. Sina falsafa nyingine ya kuelezea uamuzi huu. Mjukuu alikuwa huku.

Viza tuliyoombea London ni ile inayoitwa O-A, ya wastaafu wa miaka 50 na kuendelea. Kati ya makaratasi yake kuna cheti cha daktari kinachotamka kwamba huna magonjwa fulani: ukoma, kifua kikuu, uraibu wa dawa za kulevya, kaswende iliyofika hatua ya tatu, na matende. Daktari wetu, kijana wa Kiingereza, alilisoma hilo la mwisho mara mbili akaniuliza kama najua ni nini. Nikamwambia mimi nimekulia pwani, matende na mabusha nimeyaona kabla sijajua kusoma. Akapiga saini bila hata kutazama miguu yangu.

Tuliingia Januari 2020. Kumbe tulichelewa kwa miezi miwili na ushei. Kuanzia tarehe 31 Oktoba 2019, amri ya idara ya uhamiaji namba 300/2562 (huo 2562 ni mwaka wa Kibudha, ondoa 543 upate wetu) ilikuwa imeshaanza kumdai mwenye O-A bima ya afya: angalau baht 400,000 za kulazwa na 40,000 za kutibiwa bila kulazwa. Sababu iliyotolewa ni wageni wanaolazwa kwenye hospitali za serikali na kuondoka bila kulipa. Mimi sababu hiyo siibezi. Nimekaa wodini, nimeona bili zikikosa mwenyewe. Na Mthailand mwenyewe anatibiwa kwa mpango wa taifa ulioanza mapema miaka ya 2000, wenyewe wakiuita wa baht 30 kwa sababu ndicho kiasi mgonjwa alichotoa mlangoni. Mpango huo hauhusu wazee waliokuja kupunga upepo, wala sioni kwa nini uwahusu.

Wengine watasema, lakini nyinyi mna NHS, ile huduma ya afya ya serikali ya Uingereza. Hatuna. Haki ya kutibiwa bure hospitali Uingereza inafuata makazi, haifuati makato ya mshahara uliyotoa. Ukihama umehama. Pensheni ya serikali nayo ukiwa Thailand haipandi, inabaki palepale ilipokuwa siku ulipoanza kulipwa ukiwa huku au siku ulipohamia. Hayo tuliyajua mapema, tukayameza.

Mwaka wa kwanza bima ilikuwa rahisi, karibu mzaha. Wakala alituletea mkataba wa bei ya chini ambao chini yake, kwa herufi za kutafutwa na miwani, ulisema baht 200,000 za mwanzo za kila matibabu tunalipa wenyewe. Yaani bima ya laki nne, mbili za mwanzo juu yako. Nikamuuliza wakala, "Sasa hii itatusaidia nini tukiugua?" Binti yangu akatafsiri. Yule dada akajibu kwa upole kabisa kwamba hii ni ya viza. Kama nataka ya kuugulia, anayo nyingine.

Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Hakuwa anadanganya wala kuficha. Dukani kwake kulikuwa na bidhaa mbili, na kila mtu aliyekuja kabla yangu alijua tofauti yake.

Nieleze kidogo siku yenyewe ya kuongeza muda inavyokuwa, kwa sababu asiyeipitia hudhani ni kupeleka pasipoti tu. Asubuhi unaanzia benki. Kila mmoja wetu anatakiwa awe na baht 800,000 kwenye akaunti ya Thailand, zimekaa humo miezi miwili kabla ya maombi. Zamani Waingereza wengi walipeleka barua ya ubalozi kuthibitisha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, lakini ubalozi wa Uingereza uliacha kutoa barua hizo mwisho wa mwaka 2018, basi tukabaki na njia ya kuweka pesa. Benki wanakupa barua, na kitabu chako lazima kichapwe siku hiyohiyo, kwa hiyo unaweka baht 100 ili mstari mpya utokee. Kisha nakala: pasipoti, muhuri wa kuingilia, risiti ya kuandikishwa anwani, kitabu chote cha benki. Kila ukurasa unasaini kwa wino wa buluu. Na ramani ya nyumba. Ramani hiyo nimeizoea kuichora kwa mkono: barabara kuu, duka la 7-Eleven, hekalu, halafu nyumba yetu yenye mwembe mbele. Mume wangu hudai mwembe naukuza kila mwaka.

Januari 2021 tulifika dirishani tukiwa na yote hayo. Afisa, mwanamama wa makamo mwenye miwani shingoni, alipanga karatasi, akagonga pembe zake mezani zikae sawa, akafika kwenye bima, akasimama. Akaandika tarehe mbili kwenye karatasi ya manjano ya kubandika, akanigeuzia. Bima yetu ilikuwa inaisha tarehe 6 Januari 2565, na muda tuliokuwa tunaomba unaisha tarehe 17. Siku kumi na moja. Wakala wetu alikuwa ameanza kuhesabu bima siku tuliyolipa badala ya siku muda wetu wa zamani unapokwisha. Afisa akatupa hiari: atugongee muhuri mpaka tarehe 6 tu, au tukalete cheti kingine. Muda wa O-A haupiti siku ya mwisho ya bima.

Tulirudi nyumbani na ramani yetu. Cheti kipya kilipatikana baada ya siku nne. Tangu hapo siku hizo za mwezi nazikariri kama tarehe za kuzaliwa watoto.

Halafu sheria ikapanda. Kwa waombaji wapya kima kilikuwa kimeshaongezwa tangu Oktoba 2021, na kuanzia Septemba 2022 kikatufikia na sisi tuliomo ndani: baht milioni tatu, au dola 100,000. Kutoka laki nne hadi milioni tatu, kwa mzee wa miaka 72 mwenye presha na stenti, yaani kile kibomba cha waya alichowekewa kwenye mshipa wa moyo mwaka 2016.

Hapo ndipo nilipojifunza biashara ya bima ilivyo kwa wazee. Kampuni nyingi hazimpokei mteja mpya akishavuka 70, nyingine 75. Zinazompokea zinataka historia yake yote. Ukificha, mkataba unabatilika siku utakapouhitaji. Ukisema kweli, wanakuwekea karatasi ya nyongeza nyuma ya mkataba. Mimi sikuficha, kazi yangu ya maisha ilikuwa kuwauliza watu historia zao. Karatasi ya mume wangu ilikuja na orodha: moyo na mishipa yake, presha, kiharusi, na "madhara yote yatokanayo na hayo". Ukimtoa mume wangu moyo, mishipa na ubongo, kinachobaki kukatiwa bima ni magoti.

Bei ya magoti hayo ilikuwa baht 71,000 kwa mwaka, na zile 200,000 za mwanzo bado juu yetu. Yangu, mimi mwenye miaka 63 na afya ya wastani, 38,000.

Tulijaribu njia nyingine. Bima ya nje inakubalika mradi kampuni ijaze na kusaini fomu maalumu ya cheti cha bima ya kigeni. Binti yetu mkubwa aliye Uingereza alizungushana na kampuni moja wiki tatu. "Mama, wanasema hawasaini fomu ya serikali ya watu wengine," akanitumia sauti, "wanasema wao wana barua yao." Barua yao ilikuwa nzuri sana, yenye nembo ya dhahabu. Haikuwa fomu. Njia ya pili, mtu aliyekataliwa bima kwa sababu ya umri au maradhi anaweza kuleta barua ya kukataliwa pamoja na ushahidi wa akiba ya milioni tatu. Mwenye milioni tatu za ziada za kukaa tu, heri yake. Na wapo mawakala wanaosema wape pesa watamaliza kila kitu, hata salio la benki watakukopesha lionekane. Hao niliwakimbia. Sitaki kuanza uzee kwa kujificha.

Basi tukalipa. Tarehe 17 Januari 2023 cheti cha mume wangu kikawekwa mezani, rangi ya buluu, 3,000,000 kwa herufi nzito. Ile karatasi ya nyongeza haikuombwa. Sikuuliza. Afisa akaangalia jina, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, akagonga. Kila kilichotakiwa kilikuwapo.

Asiyeijua Chiang Mai hajui Machi yake. Mashamba na misitu ya milimani inachomwa, moshi unajaa bondeni, mlima wa Doi Suthep ulio pale juu ya mji unapotea kabisa machoni. Machi 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote tuliyoiona. Siku chache kabla ya Ramadhani, usiku, mume wangu aliketi kitandani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kifua kinanibana." Nimesikia sentensi hiyo mara ngapi kazini sijui. Ukiisikia chumbani kwako ni nyingine.

Hospitali binafsi iliyo karibu nasi ilimpokea vizuri, sina lawama kwa mikono ya wale wauguzi. Kabla ya kumpeleka kuchunguzwa mishipa ya moyo, msichana wa dawati la malipo alikuja na kadi ya bima mkononi, akairudisha kwa mikono miwili kama wanavyofanya huku wakitoa kitu kwa heshima. Kampuni imekataa. Moyo haumo. Tuweke amana ya baht 100,000 ili waendelee.

Pesa zilikuwapo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Laki nane zake zilikuwa benki, umbali wa dakika kumi. Lakini masharti ya viza yanasema baada ya kuongezewa muda pesa hizo zisiguswe miezi mitatu, na baada ya hapo zisishuke chini ya 400,000 mpaka karibu na maombi mengine. Miezi mitatu ilikuwa inatimia tarehe 17 Aprili. Nikazigusa, muda wa kukaa wa mume wangu uko mashakani. Nisipozigusa, namwangalia usoni. Naandika hivi nikijua kuna atakayesema mtu mzima angetoa tu, viza baadaye. Ni kweli, na ningetoa, kadi ya benki nilikuwa nimeishika. Binti yangu akanishika mkono: "Mama subiri, nina laki moja yangu."

Zilizobaki zilitoka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Shemeji zangu Tanga, mdogo wangu Mombasa, watoto wa kaka walio Muscat. Usiku ule Tanga ilikuwa bado saa tatu na nusu, watu hawajalala. Mchango wa harusi hukusanywa miezi mitatu kwa kukumbushana na kununa. Huu ulitimia kabla ya alfajiri ya huku. Bili ya siku nne ilikuwa baht 186,000. Stenti ilikuwa wazi, dawa zikabadilishwa, tukaambiwa tumtoe mjini mpaka moshi upungue. Akafunga Ramadhani siku nane za mwisho kwa ubishi.

Nilipokuwa nikipanga risiti zile mezani ndipo nilipopata akili. Serikali ilitaka bima ili hospitali zisiachiwe bili. Sisi tulikuwa na bima kamili kwa mujibu wa sheria, na bili ingeachwa vilevile kama si ukoo. Tatizo la mgeni asiyelipa lilikuwa limekaguliwa, limepigwa muhuri, na lipo palepale. Na pesa ambazo zingelipa zilikuwa zimefungwa na dirisha lilelile.

Jambo la kuchekesha, kama una roho ya kucheka, ni kwamba nchi hiihii, kwa mstaafu huyuhuyu mwenye miaka ileile na laki nane zilezile, ina viza nyingine ya kustaafia ambayo haidai bima hata senti. Ni O tupu, bila hiyo A. Tofauti ni ulikoanzia. Aliyeomba O-A ubalozini kabla ya kusafiri ameingia na sharti la bima, na kila akiongeza muda sharti linamfuata. Aliyeingia akabadilishiwa kuwa O humuhumu nchini, halimfuati. Njia ya kutoka kwenye O-A ni kuiacha ife: utoke Thailand bila kununua kibali cha kurudi kilicho cha baht 1,000, muda wako uzimike wenyewe, kisha uingie upya kama mtalii na kuanza moja.

Mwaka 2024 tuliongeza tena kwa bima ya magoti, kwa sababu mume wangu alikuwa bado haruhusiwi safari ndefu. Novemba mwaka huohuo tukaenda nyumbani, na kibali cha kurudi hatukununua makusudi.

Nyumbani nako bima ilitusubiri. Tulikuwa na hitima ya shangazi yangu Unguja, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa akate bima ya visiwani ya dola 44, inayomtosha siku 92. Sisi pasipoti zetu ni za Uingereza, Tanzania haina uraia wa nchi mbili, basi wageni ni sisi. Nikalipia kwenye simu tukiwa Dar es Salaam, dola 88 kwa watu wawili kwenda kula pilau ya msiba. Mume wangu akauliza kama hii ina moyo ndani yake. Nikamwambia akae kimya asije akatukatisha boti.

Kurudi Bangkok, atokaye Tanzania hapiti moja kwa moja uhamiaji. Kuna dawati la afya, unaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tukaonyesha. Tukaingia bila viza kwa siku 60, kama Waingereza wengine waliovaa kaptula. Mwezi Desemba tukaomba kubadilishiwa: fomu nyingine, ada baht 2,000, laki nane zilezile, ramani ileile na mwembe wake. Tukapewa siku 90 za O, na kabla hazijaisha, Machi 2025, tukaenda kuomba mwaka.

Msinielewe vibaya. Bima ninayo. Yangu nimeibadilisha, si ile ya wakala wa kwanza. Nimechagua inayolipa tangu baht ya kwanza nikilazwa, na imepanda bei mwaka huu na itapanda mwakani. Ya mume wangu nimeiacha. Baht 71,000 zake kila mwaka sasa zinaingia kwenye akaunti ya pembeni ambayo haina miezi mitatu wala haina dirisha, na jina lake kwenye daftari langu ni MOYO. Kuna watakaosema ni kamari. Nami nimepiga hesabu zangu kama muuguzi na kama mke, na sijasema ifanye kila mtu. Mwenye miaka 58 asiye na historia yoyote, akitafuta bima ya kweli mapema kabla kampuni hazijaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, yuko pazuri kuliko sisi tulivyokuwa.

Siku ile ya Machi moshi ulikuwa umerudi, watu wote pale uhamiaji wamevaa barakoa. Afisa alikuwa yuleyule mwenye miwani shingoni. Akapanga karatasi, akagonga pembe zake zikae sawa. Nami kwa mazoea nikasukuma cheti changu cha bima chini ya kioo. Akakiangalia, akakirudisha kwa vidole viwili.

"Kasemaje?" mume wangu akauliza.

"Kasema hakitaki."

Akatoa baht 3,800 za watu wawili, akazihesabu mara mbili, akaziweka kwenye kisahani. Kisha tukaenda Ban Haw, kwenye msikiti walioujenga Waislamu wa asili ya Yunnan, maana ilikuwa Ramadhani tena na futari ya pale hutolewa bure.